Nani Ataitikia Pakawa?

Wanafunzi wa sekondari wana mengi ya kusimulia kuhusu maji, karo, barabara na uongozi, na simu moja yatosha kuyarekodi. Linalosumbua ni upande wa pili: nani ataketi kuwasikiliza.

Alhamisi ya Aprili 10, 2025, asubuhi na mapema, wasichana wa Shule ya Upili ya Butere waliingia ukumbini katika shule ya Melvin Jones mjini Nakuru. Walikuwa wametoka Kaunti ya Kakamega kuja kwenye Tamasha za Kitaifa za Drama na Filamu, mashindano ambayo shule za Kenya zimeyaandaa tangu 1959. Mchezo wao, Echoes of War, ulisimulia ufalme wa kubuni uliotoka vitani na vijana wake waliopoteza imani na wanaowatawala. Ulikuwa umeachwa nje ya mashindano, ukarudishwa kwa agizo la Mahakama Kuu. Jioni ya kuamkia siku hiyo, mwandishi wake, Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega, alikamatwa. Nje ya ukumbi, polisi walifyatua vitoa machozi kuwatawanya wanahabari na wananchi waliofika kutazama.

Wasichana wakalalamika kwamba mwelekezi wao hayupo, vyombo vya sauti havipo, watazamaji hawapo. Wangemchezea nani? Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka.

Picha za tukio hilo, nyingi zikiwa zimenaswa kwa simu, zilienea nchi nzima siku hiyo hiyo. Mchezo ambao haukuchezwa ukawa gumzo la wiki.

Waliolelewa kwa ngano wanajua kwamba fanani haanzi peke yake. Husema "Paukwa!" kisha hungoja. Hadhira isipoitikia "Pakawa!", hadithi haisogei, kwa sababu kuitikia ndiko kunakompa msimulizi idhini ya kuendelea na kumfanya msikilizaji awe na sehemu katika yatakayosemwa. Kule Nakuru wasichana walikuja na paukwa yao, na waliokuja kuitikia wakafukuzwa langoni.

Kisa hicho kimechambuliwa sana kama mvutano wa kisiasa, na ndivyo kilivyokuwa. Kwa walimu wa uraia, hata hivyo, kina funzo jingine. Shule nyingi Afrika Mashariki sasa zinahimizwa kutumia usimulizi wa kidijitali, yaani video fupi, hadithi za sauti na picha zilizopangwa zikasimulia jambo, ili kuwavuta wanafunzi kwenye elimu ya uraia. Mbinu hiyo ni nzuri na ina ushahidi nyuma yake. Lakini ikiwa video ya mwanafunzi itaishia kwenye kabati la mwalimu, au kupigiwa makofi na kusahauliwa, atakuwa amejifunza kwamba sauti yake ni pambo.

Ibara za kukariri

Katiba ya Kenya, iliyopitishwa katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010 na kuzinduliwa Agosti 27 mwaka huo, ina sura 18 na ibara 264. Mwanafunzi wa Historia na Serikali anayejiandaa kwa mtihani huweza kuzitaja zile kuu bila kusita. Mamlaka yote ya utawala ni ya wananchi, Ibara ya 1. Kila raia ana haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, Ibara ya 35. Bunge lazima lishirikishe umma katika kazi zake, Ibara ya 118, na mabunge ya kaunti vilevile, Ibara ya 196. Huandika hayo yote, akapewa alama zake. Jioni hupita kando ya mfereji uliokauka tangu muhula ulipoanza, akiwa na mtungi mkononi, na haimpitikii hata kidogo kwamba mfereji ule umo ndani ya alichokiandika mchana.

Si kwamba sheria imelisahau jambo hili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 imetenga sehemu nzima kwa elimu ya uraia. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kwa majaribio 2017 katika madarasa ya chini, umeorodhesha umilisi wa kimsingi saba ambao mtoto anatakiwa kuupata shuleni, na miongoni mwa hiyo saba imo miwili inayohusika hapa: uraia, na ujuzi wa kidijitali. Imekaa kwenye orodha moja kama majirani, lakini darasani hukutana kwa nadra. Ujuzi wa kidijitali huishia kwenye kompyuta na uraia huishia kwenye daftari.

Wakati nao unayoyoma. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa 2009 atakuwa ametimiza miaka 18 Wakenya watakapopiga kura Agosti 10, 2027. Katika uchaguzi wa 2022, daftari la wapigakura lilikuwa na majina takriban milioni 22.1. Walio kati ya miaka 18 na 34 walikuwa asilimia 39.8, na idadi yao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, katika nchi ambayo vijana wanazidi kuongezeka. Wengi wa waliokosekana kwenye daftari lile huenda walikuwa wamesoma, na kufundishwa ibara zile zile.

Kutoka Mkwaju hadi Boyie

Kufundisha kwa hadithi kupitia chombo cha habari si jambo geni kwetu. Mwaka 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati. Ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori aliyekuwa na mwanamke karibu kila kituo alichosimama, mpaka UKIMWI ukamkamata. Watafiti waliupima mchezo huo kwa njia iliyokuwa nadra wakati ule: mtambo wa Dodoma uliachwa bila kuurusha hadi 1995, ili wasikilizaji wa kwingineko walinganishwe na watu ambao hawakuusikia. Walikuta kwamba waliousikiliza walijadiliana zaidi na wenzi wao kuhusu uzazi wa mpango, na wengi wakachukua hatua. Mkwaju alifanya kile ambacho mabango ya kliniki hayakuweza, kwa kuwa kila mtaa ulikuwa na Mkwaju wake.

Kenya nayo ilijifunza kwa uchungu. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyoyachunguza. Mwaka 2009 runinga ya Citizen ikaanza kuonyesha The Team, mchezo wa mfululizo kuhusu timu ya soka yenye wachezaji wa makabila mbalimbali waliolazimika kuchagua kati ya kuaminiana na kushindwa. Mchezo huo ulipelekwa pia mitaani na vijijini kwa sinema za kuhamahama, na baada ya picha kuzimwa watu walibaki kuzungumza.

Mwaka 2010 akaja Boyie. Huyu ni kijana wa kubuni aliyemaliza shule, hana kazi, anaendesha redio ya siri kutoka chumbani kwake, na hakuna anayejua kwamba DJ anayesikika mtaani ndiye yeye. Ndiye mhusika mkuu wa Shujaaz, kitabu cha vibonzo cha Sheng kilichogawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, kikiwa na redio na kurasa za mitandaoni pembeni. Kilizungumzia kila kitu, kuanzia utawala hadi kupaka vifaranga rangi ili mwewe wasiwatambue. Kilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy ya kidijitali mwaka 2012, na tena 2014. Siri yake kubwa ilikuwa kwamba wasomaji walimwandikia Boyie kwa ujumbe wa simu na Facebook, naye akawajibu. Maswali yao yakawa vipindi vilivyofuata.

Ushahidi wenye uzito zaidi unatoka Rwanda. Mwaka 2004 ulianza mchezo wa redio uitwao Musekeweya, unaosimulia vijiji viwili vilivyotumbukia katika uhasama. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck aligawa jamii katika makundi: moja likasikiliza Musekeweya kwa mwaka mzima, jingine likasikiliza mchezo wa afya. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2009, yaliwashangaza wengi. Imani za ndani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni walichodhani jamii yao inakikubali, na namna walivyotenda. Mwishoni kila kundi lilipewa redio ya kaseti na betri. Makundi ya mchezo wa afya yalielekea kumkabidhi kiongozi wa kijiji kila kitu. Waliosikiliza Musekeweya walikaa wakajadiliana jinsi ya kuvitunza na kuvitumia pamoja.

Mwalimu wa uraia angefurahi kumwona mwanafunzi wake akifanya hivyo kuliko kumwona akipata alama 80. Na wale wanakijiji walisikiliza pamoja, kikundi kwa kikundi, wakicheka na kubishana papo hapo. Hakuna aliyesikiliza peke yake kwa spika za masikioni.

Mduara kabla ya kamera

Hadithi hizo zote ziliandikwa na watu wazima kwa ajili ya wengine. Usimulizi wa kidijitali unampa kijana mwenyewe kipaza sauti.

Chimbuko lake ni California. Mwaka 1993 msanii Dana Atchley, pamoja na Joe Lambert na wenzao, waliendesha warsha mjini Los Angeles iliyowafundisha watu wa kawaida kutengeneza filamu fupi kuhusu maisha yao. Mwaka uliofuata wakafungua kituo San Francisco, kilichohamia Berkeley mwaka 1998, na leo kinaitwa StoryCenter. Mbinu yao ikavuka bahari. Kati ya 2001 na 2008, BBC ilizunguka Wales na mradi wa Capture Wales, chini ya mpigapicha Daniel Meadows, ikiwaalika wachimba migodi wastaafu, akina nyanya na wanafunzi kusimulia kisa kimoja kila mmoja.

Kanuni zake ni chache na si ngumu. Hadithi huwa ya dakika mbili au tatu. Andiko lake halizidi sana maneno 300, maana hayo ndiyo mtu anayoweza kuyasema kwa utulivu ndani ya muda huo. Msimulizi husoma kwa sauti yake mwenyewe, juu ya picha alizopiga au alizozitoa nyumbani. Na kabla mtu yeyote hajagusa kamera, washiriki huketi kwenye mduara wa hadithi, kila mmoja akasimulia chake, wenzake wakauliza: Hapo ulijisikiaje? Nani mwingine alikuwapo? Mbona jambo hili linakuumiza hivyo?

Walimu waliozoea miradi ya haraka hupenda kuruka hatua hiyo na kukimbilia simu. Hilo ni kosa. Kwenye mduara ndipo mwanafunzi anapogundua kwamba alichodhani ni aibu ya nyumba yao, kwa mfano kurudishwa kwa sababu ya karo, kimewapata wanane kati ya thelathini darasani. Aibu ya nyumba moja inageuka kuwa suala la umma, na huo ndio mlango wa uraia.

Mfereji ni wa nani?

Tuchukue mfano wa kundi la wanafunzi sita wa sekondari wanaoamua kusimulia habari za ule mfereji mkavu. Video ya kulalamika wataimaliza mchana mmoja. Video ya uraia itawachukua wiki kadhaa, kwa sababu lazima wajibu swali moja gumu: mfereji ni wa nani?

Jibu liko kwenye Jedwali la Nne la Katiba, ukurasa ambao wanafunzi wengi huupita. Huko kazi zimegawanywa. Huduma za maji na usafi ni za kaunti. Barabara za kaunti na taa za mitaani ni za kaunti. Afya katika zahanati na hospitali za kaunti, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, vyote ni vya kaunti. Lakini shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa, kama zilivyo barabara kuu. Kwa hiyo kundi linalosimulia mfereji litamtafuta diwani na idara ya maji ya kaunti, na kundi jirani linalosimulia vyoo vya shule vilivyojaa litabisha mlango mwingine kabisa. Kundi la tatu, la basari, litakutana na milango miwili: hazina ya ustawi wa maeneobunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2003 na inayohusishwa na mbunge, na basari ya kaunti inayopitia wadi. Watagundua kwamba watu wazima wengi mtaani kwao hawajui tofauti ya hizo mbili, na kwamba wanasiasa hawana haraka ya kuieleza.

Ugatuzi, neno wanaloliandika kwenye mtihani bila kuliona, hapo unapata anwani, jina la ofisi na saa za kufunguliwa.

Hatua inayofuata ni kuuliza. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na inaitaka ofisi hiyo ijibu ndani ya siku 21. Haisemi raia awe mpigakura. Kwa msaada wa mwalimu, wanafunzi wanaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja wakiuliza mradi wa maji wa wadi yao ulitengewa shilingi ngapi na umefika wapi. Barua hiyo ikipigwa mhuri wa kupokewa, picha ya ule mhuri itasimulia zaidi ya dakika nzima ya malalamiko. Jibu likija, linaingia kwenye hadithi. Siku 21 zikipita kimya, ukimya nao unaingia, pamoja na tarehe zake.

Kisha yapo maadili ya kazi, ambayo hapa ni sehemu ya somo. Anayelaumiwa apewe nafasi ya kueleza. Mama anayechota maji mtoni aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha, na akikataa asilazimishwe. Sura za watoto zilindwe: Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi taarifa za mtoto zinapotumiwa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mwanafunzi aliyewahi kuomba ridhaa ya jirani uso kwa uso, akakubaliwa au akakataliwa, ameonja heshima ya mtu kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kumwonjesha.

Darasa lisilo na mwalimu

Wapo watakaosema vijana hawahitaji kufundishwa haya, maana walijifundisha wenyewe. Juni 2024 ilionekana kuwapa haki. Mswada wa Fedha wa mwaka huo, waraka mrefu wa Kiingereza cha kisheria, ulichambuliwa na vijana kwenye TikTok na X kifungu kwa kifungu. Walirekodi video wakiueleza kwa Kiswahili, kwa lugha za mama na kwa lugha ya ishara. Wengine wakaunda programu ya akili mnemba iliyojibu maswali kuhusu vifungu vyake. Kodi ya asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kwa mwaka, ambazo zingepita kama namba tu, zikawa mazungumzo ya matatu na ya meza ya chakula. Maandamano makubwa yakafuata, waandamanaji wakaingia Bunge Juni 25, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia sahihi mswada huo.

Ni vigumu kutaja mradi wa elimu ya uraia uliowahi kuwafikisha Wakenya wengi hivyo kwenye vifungu vya mswada. Lakini bei yake ilikuwa nzito. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo zaidi ya 50 katika wiki za maandamano hayo. Taifa ambalo vijana wake wanasikilizwa pale tu Bunge linapovamiwa limewaacha wajifunze uraia mahali pa hatari kuliko pote.

Tena simu iliyofundisha ndiyo iliyopotosha. Miaka miwili kabla, kuelekea uchaguzi wa 2022, mtafiti Odanga Madung wa taasisi ya Mozilla alifuatilia video zaidi ya 130 za TikTok kutoka akaunti 33, zilizojaa uchochezi na upotoshaji wa kisiasa kuhusu Kenya. Zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4. Baadhi zilichezea kumbukumbu za 2007 makusudi. Nazo pia zilikuwa hadithi za kidijitali, zenye muziki wa kutisha, picha zilizoondolewa mahali pake na sauti iliyojaa uhakika.

Mwanafunzi aliyewahi kukaa na wenzake wakichagua muziki wa video yao, wakaona jinsi ala moja inavyomfanya diwani yule yule aonekane shujaa na nyingine inavyomfanya aonekane mwizi, hawezi tena kutazama video ya kampeni kwa macho yale ya zamani. Amekuwa jikoni. Anajua chumvi ilitiwa wapi. Shirika la PesaCheck, ambalo tangu 2016 limekuwa likipima ukweli wa madai ya umma Afrika Mashariki, hutumia njia ambazo darasa linaweza kuziiga: tafuta picha ilianzia wapi, nani aliisema kauli hii kwanza, namba hii imetoka kwenye waraka gani.

Simu moja, wanafunzi sita

Vikwazo vipo, na walimu ndio wanaovijua zaidi. Shule nyingi za sekondari Kenya na Tanzania, hasa za bweni, haziruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Chumba cha kompyuta, kikiwapo, hugombewa. Data ni ghali. Mwalimu ana silabasi ya kumaliza na mitihani ya kusahihisha.

Habari njema ni kwamba kazi hii inahitaji vitu vichache kuliko inavyodhaniwa. Simu moja ya mwalimu inahudumia kundi la wanafunzi sita: mmoja anaandika, mmoja anahoji, mmoja anapiga picha, mmoja anasoma kwa sauti, wawili wanahakiki taarifa. Zipo programu za bure za kuhariri zinazofanya kazi bila intaneti. Blanketi likitundikwa kwenye kona ya bweni huzuia mwangwi wakati wa kurekodi sauti. Na video haina haja ya kwenda mtandaoni. Ukumbi wa shule, shuka jeupe na projekta ya kuazima huleta watazamaji walio muhimu zaidi, na huwakinga watoto dhidi ya matusi ya watu wasiowajua.

Kikwazo kikubwa zaidi ni hofu. Mwalimu mkuu anayeona wanafunzi wakichunguza basari hufikiria simu atakayopigiwa. Butere wameipitia hofu hiyo mara mbili: mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom, uliogusa ukabila na mgawanyo wa rasilimali, ulipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu ilipoamuru uchezwe. Aliyeuandika alikuwa Malala huyo huyo. Ni kweli kwamba mwanasiasa akiandikia wanafunzi mchezo, watu wana haki ya kuuliza kama wanatumiwa. Ndiyo sababu hadithi inayoota kwenye mduara wa wanafunzi wenyewe, ikahakikiwa na wao, na ikampa nafasi kila anayetajwa, ni vigumu zaidi kuifukuza jukwaani. Hakuna wa kumsingizia.

Tanzania ina fursa ya pekee katika lugha. Kwa miaka mingi mtoto alisoma Uraia na Maadili kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha akafika sekondari akakutana na uraia kwa Kiingereza, lugha ambayo hamwombi diwani maji kwayo. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili. Nchi hiyo pia ina mtandao uliokomaa: shirika la Femina, lililoanza 1999, limejenga klabu za Fema katika sekondari nyingi, na jarida lake limezoea kuchapisha visa vya wanafunzi wenyewe. Klabu iliyozoea kuandika kisa kwa ajili ya jarida haiko mbali na kukisimulia kwa sauti na picha, na kumwalika mwenyekiti wa mtaa aje kukisikiliza.

Aprili mbili

Kalenda ya Kenya ina jambo ambalo ni wachache hulitilia maanani. Tamasha za kitaifa za drama na filamu huwa likizo ya Aprili. Kufikia Aprili 30 ya kila mwaka, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti huwa yamefika katika bunge la kaunti, kisha wananchi huitwa kutoa maoni kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza Julai 1. Mwezi ule ule shule zinapoonyesha hadithi zao bora, kaunti zinapanga pesa za mifereji, zahanati na taa za mitaani. Matukio hayo mawili hayajuani.

Kuyakutanisha hakuhitaji sheria mpya. Vikao vya maoni ya bajeti hufanyika kwenye kumbi za wadi, mara nyingi vikihudhuriwa na wazee wachache, wafuasi wa diwani na maafisa wenye vitini. Kaunti inaweza kutenga nusu saa katika kila kikao kwa filamu tatu kutoka shule za wadi hiyo, afisa wa idara husika akiwa amekaa mstari wa mbele, na majibu yake yakaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Majaji wa tamasha wanaweza kuongeza swali moja kwenye karatasi ya alama: hadithi hii ilimfikia nani, na alijibu nini? Mwalimu anaweza kuanza hata bila hayo, kwa kumwandikia diwani barua ya mwaliko wa Ijumaa alasiri na kuandaa viti viwili vya wageni.

Kundi la mfereji lingefika kwenye kikao hicho na dakika zao tatu: sauti ya msichana mmoja, mtungi, barua yenye mhuri, tarehe 21 zilizohesabiwa ukutani kwa chaki. Video ingekwisha, taa zingewashwa, na watu ukumbini wangegeuka kumtazama afisa wa maji.